Picha Zilizobaki Kwenye Kompyuta Isiyo na Kioo

Watu waliotuibia Kalembe walichukua kioo cha kompyuta wakidhani ni televisheni. Nilisimuliwa hayo na jirani aliyebaki. Aliwaona wakikibeba kichwani, waya ukiburuta nyuma, na mmoja wao akisema kwamba jioni ile watatazama mpira. Sijui walitazama nini.

Tulikuwa tumekimbilia Masisi, tukakaa huko karibu miezi miwili. Tuliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa umevunjwa, sufuria zimekwenda, na kuku hakubaki hata mmoja. Mume wangu hakuuliza habari ya sufuria wala kuku. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akasukuma mkaa pembeni, akalivuta gunia la chini kabisa. Ndani yake, ikiwa imefungwa kwa nailoni mara tatu, ilikuwapo kompyuta yetu kubwa, lile sanduku lenyewe lenye akili. Alilipiga kofi mgongoni kama mtu anayempokea ndugu yake.

Inafaa niseme sisi tulikuwa nani. Mimi nilifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi. Mume wangu ni mtu wa Butembo. Alikuwa na duka la sabuni, chumvi, betri na misumari, na siku za soko alifunga safari na kamera yake ndogo shingoni, akipiga picha za watu hadi Buleusa. Mama yake naye alikuwa amekuja kututembelea kwa wiki mbili. Vita vikafunga barabara, na wiki mbili zikawa mwaka. Hakulalamika. Alisema Mungu akitaka mtu amjue mkamwana wake vizuri, humfungia njia.

Picha zote za mume wangu zilikaa ndani ya kompyuta kubwa, katika dosie moja, folda aliyoiita PICHA ZA WATU. Mimi nilikuwa na kompyuta ndogo ya kubeba, na printa iliunganishwa kwangu. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na kiboksi cheusi chenye taa ndogo, kimepigiliwa ukutani, na nyaya mbili zikitoka ndani yake kama mikia. Kwa njia hiyo niliweza kukaa sebuleni, nikafungua dosie iliyokuwa katika chumba cha nyuma, nikachapa picha bila kuinuka. Hayo niliyajifunza Goma, katika mafunzo ya miezi mitatu, na nilijivuna nayo kidogo.

Kompyuta yangu ndogo tulikimbia nayo. Printa na kiboksi wezi hawakuvijua, wakaviacha. Kwa hiyo tulikuwa na kila kitu isipokuwa kioo. Kioo kingine hakikupatikana Kalembe nzima, na barabara ya Goma ilikuwa inafunguka na kufungwa kama mlango wenye upepo. Mume wangu alisema tusubiri. Pengine tungesubiri kweli, kama asingekuja mama wa Buleusa.

Alikuja asubuhi moja, mwanamke mrefu, kitenge amekifunga juu kifuani, akakaa kwenye benchi letu bila kusema anataka nini. Nilimletea chai. Alipoimaliza ndipo akasema.

"Mama Mwalimu, muzee wako alipigaka mama yangu foto. Siku ya soko, pale Buleusa. Mama alikuwa na kuku mu kwapa."

"Mama yako iko wapi sasa?"

"Alishakufa, mwaka ilipita. Kaburi iko kule kwetu, na kule hatuwezi kufika. Nyumba iliungua na kila kitu. Sasa binti yangu anaolewa siku ya posho, hapa ku paroisse."

Posho ni Jumamosi, na paroisse ni parokia. Ile ilikuwa Jumatatu.

Alinieleza kwamba katika ukoo wa mume wake, mwindaji wa misitu ya Walikale, bibi-arusi hatoki nyumbani kabla hajaonyeshwa kwa nyanya yake. Nyanya akiwa amekufa, bibi-arusi hupelekwa kaburini, baba yake akasema maneno, kisha ndipo aende kanisani. Padri aliyajua hayo wala hakukataza. Lakini kaburi lilikuwa ng'ambo ya watu wenye bunduki. Mwindaji alikuwa amekaa siku tatu bila kula vizuri, akifikiri, mpaka mke wake alipokumbuka ile picha.

"Kama sura yake iko," alisema, "baba atasema mbele ya sura."

Nilimwambia arudi kesho. Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

Tuliwasha jenereta tuliyoazima kwa jirani, kompyuta kubwa ikaanza kuunguruma, nami nikafungua yangu sebuleni. Hakuna kitu. Kompyuta yangu ilisema njia ya mtandao haionekani. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa waya, nikarudisha. Mume wangu alipendekeza tulifungue sanduku tutoe kile kisahani cha ndani, na tayari alikuwa ameshika bisibisi. Nilimuuliza akishakitoa atakichomeka wapi. Aliirudisha bisibisi mfukoni taratibu.

Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya kilima nyuma ya mashamba ya maharage, mwendo wa dakika arobaini. Nilichukua daftari, nikanakili yale maneno ya Kifaransa yaliyotokea kwenye kompyuta, nikapanda. Huko juu kulikuwa na watu kumi hivi, kila mmoja ameelekea upande wake, mkono juu ya sikio. Nilimpigia aliyenifundisha Goma. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na kamwe hakumcheka mwanafunzi.

"Kwanza usisome yale maneno," alisema. "Niambie taa. Taa za kiboksi zinawaka?"

Sikuwa nimeziangalia taa.

"Basi shuka uangalie. Kama pale waya inapoingia hakuna taa ya kijani, shida si ordinatere, si kompyuta yenyewe. Shida ni njia."

Nikashuka. Taa ya umeme iliwaka, lakini pale nyaya zilipoingia palikuwa giza. Nilichomoa waya wa kwanza, nikachungulia kwa tochi. Tundu lilikuwa limejaa udongo mkavu, laini, uliopangwa vizuri. Nyaya tulizichomoa siku ya kukimbia, na miezi miwili ile nyigu walikuwa wamejenga katika matundu yote mawili. Waya ulikuwa umeegemea tu mlangoni mwa nyumba ya watu, haukuingia ndani. Na sisi tulikuwa tukisukuma tu bila kutazama.

Mama mkwe alileta pini yake ya nywele, akakaa na kiboksi magotini, akachokoa udongo chembe kwa chembe, akiwaomba nyigu msamaha kwa Kinande cha kwao. Tulipokirudisha ukutani, taa mbili za kijani ziliwaka. Mume wangu alipiga makofi. Nilikimbilia sebuleni. Njia ya mtandao haionekani.

Jumanne mama wa Buleusa alirudi, akaona nyuso zetu, wala hakuuliza. Nilipochukua daftari aliinuka naye. "Tutapanda wote," alisema. "Kukaa kunanichosha kuliko kupanda."

Safari hiyo mwalimu wangu aliniagiza nisome namba za anwani ya kompyuta yangu. Nilikuwa nimezinakili tayari. Nilianza kusoma kwa sauti, namba moja baada ya nyingine, nukta, namba, nukta. Mtandao ulikatakata, kwa hiyo nilirudia kwa sauti ya juu zaidi. Sikumwona askari aliyekuwa akisikiliza hadi aliposimama mbele yangu.

"Mama, hizo namba unatuma kwa nani?"

Watu wote kilimani walishusha simu zao. Nilielewa mara moja ilivyosikika: mwanamke juu ya kilima, wakati wa vita, anamsomea mtu wa mbali namba.

"Ni adresi ya ordinatere, Papa."

"Ordinatere iko na adresi?"

"Iko nayo."

"Inakaaka wapi?"

"Kwangu. Mu nyumba."

Alichukua daftari, akaligeuza juu chini. Sijui ningeishia wapi. Lakini mama wa Buleusa alimsogelea, akaanza kumweleza habari zote toka mwanzo: kuku kwapani, kaburi, binti, posho, mwindaji asiyekula, nyigu ndani ya kiboksi. Alieleza bila haraka, kama anayemsimulia mtoto wa dada yake. Askari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali moja.

"Na huyo nyanya, aliacha wajukuu wangapi?"

"Makumi mbili na tatu."

Alinirudishia daftari. "Maliza kusoma," alisema, "lakini polepole, na mimi nisikie." Nilimaliza kusoma huku amesimama kando yangu, na kila namba aliitikia kwa kichwa.

Mwalimu wangu alikuwa bado anangoja kwenye simu. "Hizo si namba za nyumbani kwako," alisema. "Nani aliziweka?"

Nilikumbuka. Kule Masisi, sista mmoja wa parokia alikuwa ameiunganisha kompyuta yangu na mashine zao ili nimsaidie kuchapa barua. Aliipa anwani ya kwao, na hakuna aliyeiondoa.

"Njo hivyo," mwalimu alisema. "Ordinatere yako imerudi Kalembe, lakini adresi yake ingali Masisi. Zinakaa mu nyumba moja, na kila moja inadhani ingine iko mbali. Ondoa hizo namba, uache kiboksi chenyewe kiigawie adresi."

Nilifanya hivyo jioni ile, na nilipofungua orodha ya mtandao, jina la kompyuta kubwa lilikuwapo. Mume wangu, mama mkwe na mimi tulilitazama pamoja. Nikabofya. Kikatokea kidirisha kinachoniomba jina na neno la siri.

Neno la siri nililijua, kwa sababu niliwahi kuliweka mwenyewe. Nikaliandika. Ikakataa. Nikaliandika kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kidole kimoja kimoja. Ikakataa.

"Pengine imesahau," mume wangu alisema.

"Ordinatere haisahauke."

"Imekaa mu gunia ya makala miezi mbili. Hata wewe ungesahau."

Hakunitazama alipokuwa akisema hayo, lakini sikulitia maanani.

Jumatano mvua haikuturuhusu kupanda. Alhamisi tulipanda wanne: mimi, mume wangu, mama wa Buleusa, na mwindaji mwenyewe, ambaye alitaka kusikia kwa masikio yake. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kutembea bila kufanya sauti, na njia nzima alikuwa mbele. Askari yule yule alikuwa juu. Aliuliza: "Nyanya ameshatoka?" Tukamwambia bado.

Mwalimu alinisikiliza. Kisha akasema: "Kama mot de passe, ile neno ya siri, ilikuwa sawa mbele ya kukimbia, na sasa si sawa, mutu aliibadilisha. Uliza pale nyumbani."

Simu yangu ilikuwa na kipaza sauti, na wote walisikia. Niligeuka. Mume wangu alikuwa akilichunguza jani la maharage.

"Papa?"

"Niliitosha," alisema.

"Uliitosha nini?"

"Mot de passe. Mbele ya kukimbia. Kila asubuhi inaniuliza, inaniuliza, na mimi njo mwenye nyumba. Nikaitosha, nikaiondoa yote. Haina mot de passe hata moja."

"Na siku tatu zote hizi ulinyamaza?"

"Nilifikiri kama haina mot de passe, itafunguka mbio zaidi."

Mwindaji alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake. Mke wake alimtazama kwa mshangao, maana wiki ile hakuwa amecheka, kisha naye akaanza, na askari akaanza, mpaka mume wangu mwenyewe akaacha jani na kucheka. Mimi nilichelewa kidogo.

Mwalimu alieleza. Kompyuta isiyo na neno la siri humfungulia yule tu aliyekaa mbele yake. Anayebisha hodi kutoka kompyuta nyingine haimfungulii, kwa sababu haina njia ya kumjua. Ilibidi tuirudishie neno la siri, tena tukiwa tumekaa mbele yake.

"Lakini haina kioo," nilisema.

"Iko na clavier?"

Vibonye vilikuwapo. Wezi walikuwa wameviacha, labda kwa sababu havikufanana na televisheni.

"Basi utaandika bila kuona. Chukua kalamu."

Alinisomea kila kibonye, kimoja baada ya kingine: bonyeza hiki, ngoja, andika herufi hizi tatu, shika hivi viwili pamoja na kile kikubwa cha kuingiza, ngoja, itakuuliza kama una hakika, ujibu ndiyo kwa kushika hiki na herufi O ya oui, ngoja tena, halafu andika amri hii, na neno la siri mwishoni. Niliandika ukurasa mzima, nikamsomea tena. "Kosa kubwa ni haraka," alisema. "Ordinatere yako ni muzee. Umupe wakati ya kuamka."

Tulianza saa tisa mchana. Mimi nilikaa kwenye kiti mbele ya meza tupu, pale kioo kilipokuwa zamani, nikitazama ukuta. Mume wangu alishika daftari, akinisomea. Mara ya kwanza tulikwenda mbio. Nilipokimbia sebuleni kujaribu, ilikataa.

Tukazima, tukaanza upya. Mara ya pili mama mkwe alivuta kiti chake akakaa karibu, akatoa rozari.

"Munasema ngoja, ngoja, na hakuna anayengoja," alisema. "Mimi njo nitangoja. Kila mahali imeandikwa ngoja, nitasali Salamu Maria kumi. Mbele nimalize, mutu asiguse kitu."

Ndivyo tulivyofanya. Kompyuta iliwashwa, akasali kumi mara mbili, maana tulisema ni mzee. Nilibonyeza kibonye cha herufi kubwa, na kijitaa chake kikawaka pembeni, tukajua inatusikia. Mume wangu akasoma, nikabonyeza. Kumi. Akasoma, nikaandika herufi tatu. Kumi. Mama wa Buleusa na mwindaji walikuwa mlangoni, na kufikia kumi ya tatu nao walikuwa wakiitikia. Jibu la ndiyo. Kumi. Amri. Hapo mume wangu alinisomea herufi moja moja kama anayempitisha mtu juu ya mti uliovuka mto. Mwishoni neno la siri, kisha kibonye cha kuingiza. Mama mkwe alimalizia na Atukuzwe, bila kuambiwa na daftari.

Nilikwenda sebuleni. Safari hii sikukimbia. Niliandika jina, nikaandika neno la siri. Kidirisha kilitoweka, na dosie ikafunguka, vipicha vidogo vikimiminika safu kwa safu: watoto wa komunyo ya kwanza, madereva wameegemea magari yaliyokwama matopeni, vijana waliotoka kubeba mawe ya machimbo ya Bisie wamevaa miwani ya jua, mabibi-arusi, wazee waliokataa kutabasamu.

Nyumba nyingi zilizoonekana nyuma ya watu wale hazikuwapo tena. Baadhi ya watu pia hawakuwapo. Mama wa Buleusa ndiye aliyenyoosha kidole kwanza.

"Huyu hapa."

Kuku alikuwa kwapani kweli. Nyanya alikuwa amefungua mdomo na kuinua mkono wa pili kuelekea kamera. Mume wangu alikumbuka nyanya alikuwa akimwambia nini: kwamba kama anapiga picha, apige na kuku vizuri, asimkate miguu. Ukingo wa picha ulikuwa umemkata miguu.

Wino wa manjano ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nyanya alitoka kwenye printa akiwa wa rangi ya buluu, na kuku pia. Niliona aibu, nikasema nitamtafutia wino mahali. Mama wa Buleusa aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama mpaka ikakauka.

"Asubuhi za baridi alikuwaka hivi," alisema.

Jumamosi kabla ya misa tuliitwa nyumbani walikokaa, chumba kimoja walichopewa na ndugu. Picha ilikuwa imeegemezwa juu ya kinu kilichofunikwa kitenge. Binti aliletwa, amevaa gauni la kuazima lililo fupi kidogo, akapiga magoti. Mwindaji alivua kofia. Alisema kwa lugha yao, na mke wake alinitafsiria sikioni. Alimwambia nyanya kwamba huyu ndiye mjukuu wake wa nane, kwamba mwanaume anayemwoa ni mtu wa kazi, kwamba hawakuja kaburini si kwa dharau bali kwa sababu njia imefungwa, na kwamba ikifunguka watakuja wote na watapalilia kaburi. Kisha akaongeza kitu kilichowafanya watu wa chumba kizima kucheka huku wakifuta macho.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amemuuliza kama ule kuku alikuwa mutamu."

Tulikwenda kanisani kwa miguu, wote pamoja. Mama mkwe aliimba kwa sauti kuliko kwaya.

Habari ilienea haraka. Jumatatu iliyofuata benchi letu lilikuwa na watu saba, wengine wametembea siku mbili, kila mmoja akieleza alisimama wapi, siku ya soko gani, amevaa nini. Yule askari wa kilimani alikuja pia, akitafuta picha ya mdogo wake aliyewahi kufanya kazi Bisie. Hatukuipata, ingawa tulitafuta mchana mzima. Mume wangu akampiga picha yeye mwenyewe, akiwa ameacha bunduki nje ya ua kama mama mkwe alivyomwagiza, naye askari akaondoka na sura yake ya buluu mfukoni.

Kioo kipya kilifika baada ya mwezi na nusu, juu ya lori la chumvi, kimefungwa ndani ya godoro. Tulikichomeka, kikawaka vizuri. Cha kwanza kilichotokea ni kidirisha cha kuomba neno la siri. Mume wangu alikaa mbele yake, akaliandika herufi kwa herufi kwa kidole kimoja, na mama yake akiwa nyuma yake anamtazama.